Kufunga kitafuta samaki kwenye mtumbwi, Bonde la Kilombero

Maelekezo yanayokuja ndani ya boksi la kitafuta samaki yameandikwa kwa mtu mwenye boti ya faiba, injini nyuma, na ziwa lenye kina. Wewe una mtumbwi uliochongwa kwenye gogo moja, una upondo na kafi, na una mto ambao Oktoba unakukwamisha kwenye mchanga na Aprili hujui ukingo wake umeishia wapi. Ukiyafuata maelekezo yale hatua kwa hatua, utafunga kifaa kizuri mahali pabaya. Mwongozo huu ni wa mvuvi wa Ifakara, wa Kivukoni na wa kambi zilizo kando ya Kilombero, na pia wa mgeni anayeshuka na kayaki ya plastiki kumtafuta yule samaki wa meno marefu ambaye wataalamu wamempa jina la Hydrocynus tanzaniae.

Jambo moja liwe wazi kabla hujatoa hela. Katika mto huu kifaa ni cha kusoma chini ya maji kwanza, habari za samaki zinafuata baadaye. Kitakuonyesha kilindi kilipo, fungu la mchanga linapoanza, gogo lililozama, na mkondo wa zamani uliofukiwa nusu. Anayejua tabia za samaki atafaidika nacho siku hiyo hiyo. Asiyejua atabaki akitazama picha, na samaki wataendelea kumpita.

Sauti, hewa na mti

Kitafuta samaki kina sehemu mbili zilizounganishwa kwa waya: kioo unachokitazama, na sensa inayokaa majini. Sensa hupiga mlio, mara nyingi wa kilohezi 200, kisha inasubiri mwangwi. Katika maji ya mto yenye joto la nyuzi 25 hivi, sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kina kikiwa mita 3 mlio unashuka na kurudi ndani ya milisekunde 4. Kifaa kinapima muda huo na kuuchora kwenye kioo, basi. Wazo lenyewe ni la siku nyingi: ndugu wa ukoo wa Furuno, wa Nagasaki huko Japani, walianza kuwauzia wavuvi vifaa vya namna hii mwaka 1948.

Kambini utaulizwa kama mlio huo unafukuza samaki. Hapana. Sikio la binadamu linaishia kwenye kilohezi 20, na samaki wetu wengi husikia milio ya chini zaidi ya hapo. Kinachowafukuza ni upondo unaogonga ubavu wa mtumbwi.

Adui wa sauti hii ni hewa. Mlio ukikutana na hewa, hata tabaka jembamba kama karatasi, unarudi ulikotoka bila kuvuka. Hapo ndipo mtumbwi wa mti unapotofautiana na boti za kwenye picha. Wenye boti za faiba huweza kugandisha sensa ndani, juu ya sakafu, na mlio ukapenya hadi majini bila kutoboa kitu. Ukijaribu hivyo kwenye mtumbwi wa gogo utapoteza gundi na siku nzima, kwa sababu mti una vishimo vidogo vidogo visivyohesabika vyenye hewa, hata ule uliokaa majini miaka. Kioo kitakuonyesha mstari mmoja usiobadilika au ukungu mtupu, nawe utadhani umeuziwa kifaa kibovu. Kwa mtumbwi wa mti, sensa lazima iguse maji moja kwa moja.

Mwenye mtumbwi wa faiba au kayaki ya plastiki ana nafasi ya kuchagua, ila ajaribu kwanza. Chukua mfuko wa nailoni usiovuja, tia maji kidogo, uweke sakafuni mwa chombo kikiwa kinaelea, kisha tumbukiza sensa ndani ya mfuko ikitazama chini. Mwagia maji kidogo na chini ya mfuko ili hewa isibaki. Soma kina. Sasa shusha sensa ubavuni, ndani ya mto wenyewe, usome tena. Namba zikifanana na picha ikiwa na nguvu ile ile, unaweza kuigandisha ndani. Zikitofautiana, au picha ikififia sana, chombo chako huenda kina tabaka la povu kati ya faiba mbili, na povu ni hewa. Hapo fuata njia ya mwenye mtumbwi. Ukiigandisha ndani, tumia gundi ya eposi kwenye faiba na silikoni kwenye plastiki, kwani eposi haishiki vizuri plastiki ya kayaki. Mimina polepole, kandamiza huku ukizungusha mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Ujue pia kwamba sensa ya ndani itapima joto la sakafu ya chombo, haitapima joto la maji.

Kifaa cha kununua

Usinunue kikubwa. Kioo cha inchi 4 au 5 kinatosha, tena kidogo hula umeme kidogo. Garmin Striker 4, kwa mfano, ina kioo cha inchi 3.5 na GPS ya kuweka alama za mahali, na kwa mto huu hiyo GPS ina thamani kuliko rangi nyingi za kioo. Kuna pia sensa za kurusha, kama Deeper za Lithuania: kimpira kinachoelea, unakifunga kwenye uzi wa ndoano, nacho kinapeleka picha kwenye simu bila waya. Kwa anayevua ukingoni ni sawa kabisa. Kwa mwenye mtumbwi sikipendi, maana kinahitaji simu iwe mkononi juani, na mkono mmoja mtumbwini ni nusu ya mvuvi.

Angalia kwenye maelezo upana wa koni ya mlio. Koni ya nyuzi 20 kwenye kina cha mita 3 inaangaza duara la mita moja tu chini ya mto. Koni ya nyuzi 60 inafikia mita tatu na nusu. Kwenye maziwa ya kina kirefu nyembamba inasifiwa kwa sababu inalenga. Kilombero kiangazi, ambako sehemu nyingi utapita juu ya mita mbili tatu za maji, koni nyembamba ni kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukipata kifaa chenye milio miwili, anza na ile pana.

Mkono wa sensa

Hapa tukae, kwa sababu hapa ndipo kazi inapoharibika.

Usitoboe mtumbwi. Pitisha ubao mmoja wa mbili kwa mbili, mgumu na mkavu, kutoka ukingo mmoja wa mtumbwi hadi mwingine, uzidi upande mmoja kwa kiganja. Ufunge kwa vipande vya chubu ya baiskeli, ukizungusha kwa kuvuta sana. Mpira ukikaa vizuri haulegei kama kamba ya katani ambayo hulegea na kukaza kila inapolowa na kukauka. Kwenye ncha iliyozidi ning'iniza mkono wenyewe: ubao mwingine, au bomba gumu la chuma chepesi, likishuka ubavuni hadi majini. Bomba la PVC linapinda mkondo ukiwa mkali na sensa hutikisika, kwa hiyo likiwa ndilo ulilonalo, chomeka fimbo ngumu ndani yake.

Viungo hivi viwili, ubao wa juu na mkono, viungane kwa bolti moja tu, ya milimita 8 au 10, yenye washa pande zote na nati mbili zilizobanana zisifunguke. Bolti moja kwa makusudi. Mkono unatakiwa uweze kuzunguka kwenda nyuma. Mto huu baada ya masika hubeba miti mizima, na mingi inabaki imelala chini ya maji kwa miezi ikielekeza matawi juu. Mkono uliokazwa kwa bolti mbili ukigonga tawi, kitakachovunjika ni sensa, au ubao, au mtumbwi wenye watu utasimama ghafla na kugeuka ubavu kwenye mkondo. Hili la mwisho ndilo la kuogopa.

Ili mkono usimame wima dhidi ya maji, funga kipande kirefu cha chubu kutoka katikati ya mkono kuelekea mbele, kishikwe kwenye ukingo wa mtumbwi. Ukigonga kitu, mpira unavutika, sensa inaruka nyuma na juu, kisha inarudi yenyewe. Kwa upande wa nyuma funga uzi mwembamba tu wa kuzuia mkono usicheze mbele mnaposukuma mtumbwi kinyumenyume. Huo ukikatika si hasara, fungeni mwingine.

Upande upi? Angalia unavutia nyavu wapi. Kama nyavu zako hupanda kulia, mkono uwe kushoto, na hata hivyo jizoeshe kuunyanyua kabla ya kugusa wavu. Wavu ukishika sensa hautoki bila kisu, na mara nyingi kinachokatwa si wavu. Kwa urefu wa mtumbwi, katikati ndipo pazuri. Mbele panapiga maji na kutengeneza viputo, na viputo ni hewa. Nyuma anasimama mwenye upondo, na upondo utaigonga sensa siku ya kwanza.

Sensa yenyewe ifungwe kwenye ncha ya mkono kwa kishikio chake cha asili, uso ukitazama chini sawasawa na ncha ndefu ikielekea mbele. Iwe chini ya maji kwa sentimita 10 hadi 15. Ikiwa juu zaidi itatoka nje kila mtumbwi unapoyumba. Ikiwa chini zaidi itavuna magugu na kukwaruza mchanga. Pima ukiwa umeshapakia: mtumbwi wenye watu wawili, barafu na nyavu unakaa tofauti kabisa na mtupu. Wengi hufungia ufukoni, mtumbwi ukiwa juu ya magogo, kila kitu kikiwa sawa machoni. Wakishaingia majini sensa inatazama ukingoni badala ya chini.

Waya wa sensa upande nyuma ya mkono, upande usiopigwa na maji, ukifungwa kila urefu wa kiganja kwa tepu au uzi wa nailoni. Penye bolti acha kitanzi kilicholegea ili mkono ukizunguka waya usivutwe. Waya ukizidi urefu, uviringe na kuuweka kando. Usiukate hata kama fundi anakuhakikishia ataunga. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushiwa wavu wa madini wa kuzuia kelele za umeme, na ukishaungwa vibaya picha hujaa vidoti.

Kwenye kayaki ya plastiki ya kukalia juu mambo ni mepesi: nyingi zina matundu ya kutolea maji, na sensa ndogo hukaa ndani ya tundu mojawapo, ikilindwa pande zote. Chunguza tu isichomoze chini ya kayaki, maana utakuwa ukiiburuta juu ya mchanga.

Betri

Kinachotumika sana ni betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 12, ampea 7, ile ile ya UPS na ya king'ora. Ina uzito wa kilo mbili na zaidi. Betri ya pikipiki itafanya kazi pia, ila yenye tindikali ya kujaza isipande mtumbwini kabisa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kifaa chako kinakula nusu ampea kwa saa. Betri ya risasi haipendi kumalizwa. Itumie nusu tu, yaani ampea tatu na nusu, nayo ni saa saba. Siku nzima ya uvuvi imetosha. Ukiwa na paneli ya wati 20 kambini, kwa jua zuri inarudisha kama ampea moja kila saa, basi asubuhi hadi alasiri umejaza ulichotumia. Pitishia kwenye chaja kontrola. Paneli ikiunganishwa moja kwa moja itaiunguza betri polepole. Betri za lithiamu chuma fosfeti ni nyepesi zaidi na huvumilia kutumiwa hadi chini, lakini zinataka chaja yake, na bei ni nyingine.

Weka betri kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, juu ya kipande cha ubao kisigusane na maji ya sakafuni, na ukifunge kwenye mtumbwi kwa kamba. Toboa tundu la waya ubavuni mwa chombo, chini kidogo ya mfuniko, uzibe kwa silikoni, na waya ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenda kwenye kioo ili maji yadondokee kwenye pindo badala ya kufuata waya hadi ndani. Wakati wa kuchaji fungua mfuniko, kwa sababu betri ya risasi hutoa gesi inayoshika moto.

Fyuzi iwe kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri, kwa ukubwa ulioandikwa kwenye maelekezo ya kifaa. Wengine huiweka karibu na kioo. Hapo inalinda kioo, lakini waya ukichubuka njiani ndani ya mtumbwi wenye maji, betri inaunguza waya wote. Chanya na hasi zihakikishwe kwa multimita kabla ya kuwasha, sio kwa rangi. Waya za kuungia zinazouzwa mitaani hazina nidhamu ya rangi. Viungo vichomelewe kwa risasi, vifunikwe, vipakwe grisi kidogo.

Kioo kikae mbele ya anayeongoza, mahali anapokiona bila kuinama. Ubao ule ule wa juu unafaa. Kishikio kiwe cha kuchomoa kwa mkono mmoja, na kioo kifungwe uzi kama simu inavyofungwa na wapiga picha wa baharini.

Upondo ndio kipimo

Kabla hujaanza kuamini namba, chukua upondo uupake alama za rangi kila nusu mita kuanzia chini. Fungeni mtumbwi kwenye ukingo tulivu, mkae ndani na mizigo yote. Washa kifaa. Simamisha upondo kando ya sensa mpaka uguse chini, usizame kwenye tope, usome alama iliyo kwenye uso wa maji. Upondo unasema mita moja na nusu, kioo kinasema 1.37. Tofauti hiyo si kasoro. Kifaa kinapima kuanzia usoni mwa sensa, sio kuanzia juu ya maji. Ingia kwenye mipangilio, tafuta mahali pa kuongeza kina cha sensa, ingiza zile sentimita 13. Kwenye maji ya mita 40 hakuna anayejali. Kwenye Kilombero ya Septemba, sentimita 13 ndizo zinazoamua mtumbwi wenye mzigo unapita au unakaa.

Rudia kwenye tope. Upondo unazama, kioo kinatoa namba ya juu ya tope. Tazama sasa ule mstari wa chini kwenye kioo: tope linachora utepe mwembamba uliofifia, mchanga mgumu unachora mnene wenye rangi kali, na mara nyingine unaona mstari wa pili chini yake kwa kina mara mbili. Huo wa pili ni mwangwi uliogonga chini, ukagonga uso wa maji, ukarudi tena. Maana yake chini ni pagumu na maji ni machache. Pale Kivukoni, jirani na Daraja la Magufuli lenye mita 384 lililofunguliwa 2018, unaweza kufanya zoezi hili karibu na ukingo, halafu ukasogea polepole uone mstari unavyoporomoka kuelekea mkondo mkuu. Nguzo za daraja zikae mbali nawe. Maji huzunguka na kuchimba kando yake, na mtumbwi mdogo hauna kazi pale.

Mipangilio mingine: chagua maji yasiyo na chumvi, vipimo viwe mita, na kina cha kioo kiweke mwenyewe, sifuri hadi tano. Ukikiachia kifaa kijiamulie kitakuwa kinarukaruka. Usikivu upandishe hadi vidoti vijae, kisha shusha hadi vitoweke. Zima alama za samaki. Zile katuni za samaki wadogo kwenye kioo zinawafurahisha wateja dukani tu: kifaa hakijui samaki ni nini, kinaweka katuni juu ya mwangwi wowote uliosimama katikati ya maji, liwe tawi, fungu la majani au kiputo. Acha mwangwi mbichi ujifunze kuusoma.

Kumbuka pia kwamba kioo kinasogea hata mtumbwi ukiwa umesimama. Kilicho chini yako sasa hivi ni ukingo wa kulia wa picha tu. Vingine vyote ni historia. Samaki mmoja aliyetulia chini ya mtumbwi uliofungwa atachora mstari mrefu kama mamba, na hakuna mamba hapo.

Msimu na samaki

Samaki huonekana hasa kwa sababu ya kibofu chake cha hewa. Sauti inakigonga na kurudi. Perege anacho, yule wa meno marefu anacho. Kambale kibofu chake kimepungua sana na kimejificha ndani ya mifupa, tena hupenda kulala juu ya tope. Kwa hiyo huyu aliyejaa sokoni Ifakara ndiye utakayemwona kwa shida kuliko wote. Usimtafute kambale kwenye kioo. Tafuta kilindi chenye tope laini, kingo zenye mizizi, mlango wa kijito, kisha tega ndoano zako.

Kuanzia Juni hadi Oktoba maji yanarudi mtoni, na samaki pamoja nayo. Vilindi vya kwenye kona, upande wa nje ambako mto unakula ukingo, ndivyo vya kuwekea alama za GPS. Hapo kifaa kinalipa. Mvua kubwa zikifika, Machi na Aprili, mto unapanda juu ya bonde lote na samaki wengi wanaufuata kwenye nyasi kuzaliana. Kioo kitakuonyesha manyoya manyoya tangu chini hadi juu: ni nyasi. Zima, hifadhi betri, na mazalia yaache. Tope la masika, kwa upande mwingine, halikusumbui hata kidogo, maana sauti hupenya maji ambayo jicho lako halioni ndani yake kidole kimoja.

Alama za mwaka jana zihakiki upya kila kiangazi. Kilombero huhamisha mafungu ya mchanga, na kilindi ulichokiita chako kinaweza kuwa kisiwa.

Kiboko

Vilindi utakavyovigundua vina wenyewe. Kiboko mchana hulala kwenye maji ya kutosha kumfunika, mahali pametulia, karibu na malisho ya usiku. Kwa maneno mengine, pale pale kifaa kitakapokusifia. Na kioo hakikupi onyo lolote: kinatazama chini yako, hakitazami mbele yako. Mtu aliyeinamisha uso kwenye kioo ndani ya mtumbwi wa kina cha goti ni hatari kwa wenzake. Mgawane kazi, mmoja asome kioo, mwingine atazame maji, na mwenye upondo agonge ubavu mkikaribia kona. Samaki watakaokimbia kwa kelele hiyo waende. Mamba vilevile, usitie mkono majini kusafisha sensa, nyanyua mkono wake wa ubao. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe.

Vibali

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake zinataka leseni kwa mvuvi na usajili wa chombo, na kifaa cha kisasa hakikuondolei hata kimoja. Bonde hili pia ni ardhi oevu ya Ramsar tangu 2002, kilomita za mraba 7,967, na sehemu yake kubwa ikapandishwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero mwaka 2023, chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Maana yake kona uliyovua utotoni inaweza leo kuwa ndani ya mpaka. Pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize mpaka umepita wapi, na hapo GPS ya kifaa chako itakufaa kwa jambo ambalo muuzaji hakulitaja: weka alama za mpaka wenyewe. Askari wa doria akikuta betri na waya vikiingia majini ana haki ya kuuliza kama unavua kwa umeme. Kaa na risiti na karatasi za maelekezo, na kifaa kiwashe umwonyeshe.

Jioni

Mkifika kambini chomoa betri kwanza, halafu kioo. Nyanyua mkono, futa uso wa sensa kwa kitambaa na sabuni ya kawaida. Utelezi wa kijani unaoshika ndani ya wiki moja unatosha kuififisha picha. Petroli na tina visiiguse, vinakula plastiki yake. Kagua chubu kama zimepasuka kwa jua, na bolti kama inacheza. Kioo kilale nawe ndani ya chandarua, ubao na mkono vibaki kwenye mtumbwi.